Daraja ya Milango

Beni, tarehe 3 Februari 2001

Katungu,

Pokea salamu zangu kwa mukono ya yaya yako, kaka mukubwa Phinées. Kama barua imekunjika, hapana kunilaumu miye. Anaiweka mu mufuko ya shati, na vile anatokaka jasho, utazani eko anasukuma ile camion, hapana kuiendesha. Umuambie nimesema.

Sasa kaa chini kwanza. Orvane ya tatu, ile jeu yetu ya télé, inakuja. Hii si maneno ya njiani, nimeisoma na macho yangu. Binamu yangu mwenye eko Bruxelles alinitumia kurasa za gazeti moja ya jeux, na picha za rangi. Banasema mu ile mupya bandugu ba safari habatakufa tena. Mutu akipigwa anakaa chini, vita ikiisha anasimama anaendelea. Kutakuwa na kamushale kadogo kwenye kona kenye kanakuonyesha njia ya kupita, hata ukiwa mujinga namna gani hautapotea. Na hapa utakasirika: hautachagua tena majina. Batasema na sauti ya kweli, donc kila mutu anabaki na jina yenye bazungu balimupa. Kwisha Mathe.

Mu ya kwanza mutu alikuwa anakufa moja kwa moja. Mu ya pili tulipata mayi ya kisima ya kumurudishia roho. Mu ya tatu hata mayi haitaombwa. Weye utasema baliharibu. Miye sijue. Nimechoka kuona batu banakufa, hata mu jeu.

Lakini tuko bado na ile ya pili. Tangu balimuaffecter Papa kufundisha huku Beni, sijashika manette ya kuchezea. Kama si weye kucheza kule Vulamba, mu magasin ya baba yako mudogo, na miye kutoa amri huku kwa barua, siku zangu zingekuwa paka tu kusikia masasi ya bunduki na kuuliza wapi inatoka. Kwa hiyo uniambie yote, hapana kufupisha. Mulipita mulango ya Kaskazini? Mathe eko muzima? Mayi imebaki ngapi?

Rafiki yako,
Aristote


Butembo, tarehe 11 Februari 2001

Aristote, Mukasai wangu,

Wasingya, aksanti, kwa kurasa. Nilizisoma nikasikia hasira mupaka Mama akauliza nani amekufa. Nikamujibu, Mama, shida ni hawatakufa tena.

Kamushale? Ka kumuonyesha nani? Nusu ya utamu ya Orvane ni kupotea. Na majina, hapo njo walinimaliza kabisa. Hata kama nafasi ilikuwa ya herufi tano na Katungu haikuingiaka, nilikubali kuita mukubwa wa vita Mathe, juu hapa Butembo ukiita Mathe kila nyumba inaitika. Alikuwa mutu yetu. Sasa bataniletea muzungu mwenye nywele ya dhahabu anaitwa sijue nani, nimupende kwa nguvu? Miye nabaki na ya kwanza na ya pili. Ya tatu bakule bengine.

Bon. Tulipita mulango ya Kaskazini. Na nyuma ya mulango, Ari, kuko kitu yenye haujaona. Kuko mutoni mukubwa, na juu ya mutoni daraja. Haikujengwa na mawe, haikujengwa na mbao ya kukata. Ni milango. Batu ya ule muji wakati balikimbia, balingoa milango ya nyumba zao, balizilaza moja nyuma ya ingine juu ya mayi, balivuka. Unatembea juu yazo, unasikia kila moja na sauti yake. Ingine iko bado na kufuli. Ingine ni ya kijani, mutoto aliandika jina yake pale na craie, ile chaki ya masomo, kwa chini, kwenye mukono yake inafika. Mathe alisimama pale. Nilibonyeza atembee, nikaona ni kama hataki.

Ngambo ingine kuko basoda, askari ba mufalme, na moto. Nimerudi nyuma, nangoja amri yako. Mathe eko muzima, mayi iko tatu.

Usimuulize Phinées mambo ya jeu, hajue kitu, atakuchekelea tu. Na usihesabu barua ya haraka, courant ya umeme ni shida.

Katungu


Beni, tarehe 19 Februari 2001

Katungu,

Nimesoma ile daraja mara mingi, nimemaliza karatasi. Sasa niko na hakika: hakuna Orvane itashinda ya pili. Balete sauti, balete mishale, balete picha za kuruka. Mutu mwenye aliwaza kuvusha muji muzima juu ya milango yake, huyo amemaliza kazi. Ya tatu ije ijaribu.

Amri ni hii, ifuate vile iko.

Mulale ngambo ya huku mupaka asubui mapema, wakati basoda banabadilishana zamu. Mbele ya kuvuka kila mutu amwagiwe mayi, kichwa mupaka miguu. Mwenye hana mayi asivuke. Ukiwa na mayi ku mwili, moto yao haitaingia. Mathe apite wa kwanza. Akianguka, asiachwe, mumumwagie tena, atasimama. Bengine bapite chini, ku mutoni, bashike bale ba ngambo kwa mugongo. Mukiisha kushika daraja, hapana kuichoma, tutaihitaji kwa kurudi. Kisha mungoje. Siku ya kuingia mu muji wa mufalme nitaisema miye mwenyewe.

Hapana huruma kwa mwenye kulinda geti. Njo yeye alitumalizia batu mu ya kwanza.

Mukubwa wa majeshi yote,
Général A.


Butembo, tarehe 1 Machi 2001

Aristote,

Uliandika nini mu ile barua?

Phinées hajarudi. Camion yake ilirudi, inaendeshwa na mutu mwingine. Mama Vagheni mwenye anauzaka vitunguu alikuwa juu ya mizigo siku ile, na alikuja kutuelezea. Anasema ku barrière moja ya njiani basoda balishusha batu bote, bakaingiza mikono mu mifuko. Ku shati ya Phinées balikuta karatasi. Mumoja akaanza kuisoma na sauti, anacheka, juu alizani ni barua ya mapenzi. Kisha akafika penye iliandikwa mayi. Akaita mukubwa. Balisoma tena: mayi, kila mutu amwagiwe mayi, moto haitaingia. Bale basoda bakarudi nyuma, mbali na Phinées, kama mutu eko na bombe.

Ari, banasema eko mubebaji wa barua ya Mayi-Mayi, bale bapiganaji banajimwagiaka mayi juu masasi isibaingie. Bamemufunga na mikono nyuma, bamemupeleka kwenu Beni. Balimuuliza Mathe ni nani, Général A. ni nani, daraja gani banataka kushika. Mama Vagheni anasema Phinées alijibu aliokota ile karatasi njiani. Balimupiga mbele ya batu, akarudilia paka ile, aliokota. Anajua jina yako. Anajua nyumba yenu. Hakusema.

Papa ameketi tangu jana, hajakula. Mama anatembea kutoka nyumba mupaka parokia, kutoka parokia mupaka nyumba. Niambie kama ni kweli ni barua yetu.

Katungu


Beni, tarehe 4 Machi 2001

Katungu,

Ni barua yetu. Ni mukono yangu. Nimeirudilia mu kichwa neno kwa neno, na sasa naisikia vile ule musoda aliisikia. Sikuandika neno moja ya uongo, na hakuna hata moja yenye inaweza kumuokoa Phinées.

Eko hapa. Balimuweka mu conteneur ndani ya camp ya basoda, kwenye barabara ya kwenda Ruwenzori. Nilipita pale, nikajifanya natafuta unga. Falonne, mwenye anapikiaka basoda, aliniambia kuko dereva wa Butembo ndani, na kwamba anaombaka mayi ya kunywa, na bakisikia ile neno banamupiga tena.

Nilimuambia Papa nitaenda kujionyesha. Papa akafunga mulango na akasimama mbele yake. Anasema: Aristote, sisi ni Bakasai, batu ya kuya, tulikuja huku juu ya mushahara ya Serikali yenye hata haifike, bakikukamata hakuna mutu wa huku atatulilia. Mama akasimama kando yake. Nawaelewa. Lakini Phinées anapigwa ku fasi yangu, Katungu, na ananyamaza juu yangu.

Njia ni moja tu. Lazima baone. Ulete console, ulete CD, hata bila télé, télé tutapata. Tuiweke mbele ya commandant, umufikishe ku daraja, umuonyeshe Mathe juu ya milango, umuonyeshe mayi mu mufuko yake. Akiona na macho yake ni jeu, hata yeye atacheka, atatufukuza kama bajinga. Nitafurahi kufukuzwa kama mujinga.

Kuja upesi. Kama Papa yako anakataza, umupe Mama Josée mashine aje nayo, anashukaka kununua mafuta ya mawese.

Aristote


Butembo, tarehe 7 Machi 2001

Aristote,

Hii barua uisome peke yako, na mbele ya kufanya kitu yoyote.

Hakuna mashine. Unakumbuka nilikuandikia mwezi wa kumi na mbili kwamba baba mudogo amefunga magasin siku chache kwa kupumuzika? Haikuwa kupumuzika. Balikuja bakapora magasin yote, radio, matelevizio, console, ma-CD, hata meza. Baba mudogo sasa anauza chumvi ku sahani. Nilikataza Phinées kukuambia.

Nilitaka kukuandikia. Nilianza, na barua yako ikafika mbele, umeandika kwamba ile barua za Orvane njo zinakuamusha asubui. Nikasema, wacha nimupe moja tu, ya mwisho. Nikatunga vita kidogo. Ukaipenda. Ukatuma amri ingine. Nikatunga ingine. Tangu Noeli hakuna mutu amecheza, Ari. Mulango ya Kaskazini njo mwisho ya penye tulifika kweli. Nyuma yake sijue kuko nini. Hatutajua.

Daraja haiko. Mama mukubwa alikimbia toka Kayna na batoto, alifika kwetu anasema basoda balingoa milango ya nyumba yote ku barabara kwa kuni ya kupikia. Analala mu chumba yangu, anaamuka anauliza kama mulango yake iko. Ile ya kijani ni yake. Jina ya craie ni ya mutoto wake, na mutoto hakufika naye. Sikujua nitaweka wapi ile kitu. Nikaiweka mu Orvane.

Sasa sikia muzuri. Usiende kule kusema daraja iko mu jeu. Hata bakileta mashine toka Kampala, hata bakicheza mwezi muzima, habataiona. Watasema ulibadanganya, na hapo hawatakuwa na mutu mumoja wa kuua, watakuwa na babili.

Siwezi kukuambia ukae kimya, juu ni yaya yangu mwenye eko mu ile chuma. Siwezi kukuambia uende. Nimekaa na hii karatasi tangu asubui nikitafuta neno ya katikati, na haiko. Ngoja tu nikuje, tufikiri pamoja.

Unisamehe kama unaweza. Kama hauwezi, ngoja kwanza Phinées atoke.

Katungu


Beni, tarehe 8 Machi 2001

Katungu,

Sijapata jibu yako na siwezi kungoja. Falonne amesema Phinées hasimame tena, anakunywa akiwa amelala. Leo Papa ameenda kazini. Mama ameniona navaa shati ya kanisa na hakuniuliza naenda wapi, alinifunga tu kifungo ya shingo.

Nimejitayarisha muzuri. Nimekamata kurasa za gazeti, pale iliandikwa Orvane ya pili na picha ya kisima, baone mayi ni mayi ya jeu. Na nimechora daraja yote ku karatasi kubwa, mulango kwa mulango, vile uliniandikia, na ule wa kijani na jina ya craie. Mutu akiangalia ile dessin atajua kwamba hakuna général wa kweli anaweza kupanga vita ku fasi kama ile.

Nitabaambia mashine iko Butembo, Vulamba, na mutu wa kuicheza ni weye. Usiogope wakikuita. Fanya vile unajua, uwafikishe pale tu, inatosha.

Nitakuambia kitu yenye sikukuambiaka. Huku kulikuwa siku yenye sikuona sababu ya kutoka ku kitanda. Risasi, kisha kimya, kisha matanga ya jirani. Ile daraja njo ilinitoa ku kitanda. Mwenye aliitunga, hata kama ni muzungu wa mbali, ningependa siku moja kumushika mukono.

Naenda sasa.

Aristote


Beni, tarehe 13 Machi 2001

Mwana wangu Katungu,

Ni miye Mama Ngalula, mama ya Aristote, nakuandikia. Hatujaonana tangu tulihama Butembo, lakini sijasahau vile ulikuwa unakulaka kwetu na kucheka na kinywa wazi.

Aristote alienda ku camp tarehe nane, kabla ya saa sita. Hakurudi. Papa Urbain, baba yake, alienda kumuulizia, balimungojesha ku jua mupaka jioni, akarudi bila kuona mutu. Kesho yake nilienda miye, na nilikaa chini pale ku geti, nikakataa kutoka. Mwisho commandant alinipokea.

Si mutu ya kelele. Alinionyesha dessin ya mwana wangu ku meza. Aliniambia: Mama, kijana wako anasema hii ni jeu ya televizio. Miye pia niko na batoto, najua jeu. Banapiga mupira, banaendesha mutuka. Sijaonaka jeu ya batu kulaza milango yao juu ya mutoni. Ile naonaka ku kazi. Kisha akasema, kama ni jeu, iletwe, nione daraja na macho yangu, nione Mathe, nione hiyo mayi, na hawa babili batatoka siku ile ile. Kama siioni, basi ni plan, na watu ya plan tunajua kubafanyia nini. Amenipa mupaka siku ya Mungu, Jumapili tarehe 18.

Mwana wangu, nilipiga magoti pale nikamushukuru. Nilimuambia mashine iko, mutoto wa kuicheza eko, sisi ni batu ya kweli. Nimeshapata télé kwa jirani na groupe ya umeme ku bashirika ya kanisa, mafuta imewekwa ndani. Inabaki paka weye. Lete mashine, ushike gari ya kwanza. Papa Urbain, mwenye alikuwa anakataza yote, sasa njo anafagia salon mara kwa mara, anasema labda commandant atapenda kuionea hapa kwetu.

Barua yako ilifika na Mama Josée, Aristote ameshatoka. Sikuifungua. Ni yake, mutu hasome barua ya mwingine. Nimeiweka ndani ya Biblia, nitamupa akirudi, atafurahi.

Mama Ngalula


Butembo, tarehe 15 Machi 2001

Mama Ngalula,

Ile barua mu Biblia, uifungue. Hata kama ni ya mwingine. Uifungue sasa, Papa Urbain akuwe karibu yako, kisha urudi ku hii.

Kama umeisoma, unajua kwamba sina kitu ya kuleta. Nimezunguka Butembo yote. Nimepata console moja kwa mufanya biashara wa Kimemi, na CD ya kupiga mupira. Ile ya Orvane haiko, na hata ingekuwa, daraja haiko ndani yake. Hakuna fasi mu dunia penye iko, isipokuwa ku karatasi ya Aristote.

Mupelekee commandant hii barua yangu na ile ingine, zote mbili. Anataka kujua nani alipanga vita ya daraja. Ni miye. Aristote alikuwa anajibu tu kwa mambo yenye nilimuandikia, na Phinées alibeba karatasi yenye hakuisoma. Milango ni ya Kayna, mwenye nayo analala kwetu, anaweza kumuuliza. Kama lazima mutu alipe, alipe mwenye alitunga.

Nimeambia Papa na Mama kwamba naleta mashine. Mama amenifungia kanga juu ya katoni, juu vumbi isiingie. Ndani ya katoni mumewekwa paka matofali mbili, wasisikie ni nyepesi.

Mama Josée anakuletea hii leo, gari yangu inaondoka kesho asubui. Nitashukia ku camp, sitapita kwanza kwenu, juu nikiona Papa Urbain anafagia nitashindwa kuendelea. Kama uko na foufou, ugali yoyote, ufunge kidogo ku sahani, ya watu batatu, na unikute nayo ku geti. Nakuja mikono mitupu.

Katungu